Mtu wa Pwani akienda bara mwezi wa Julai, atembee amevaa nini?

Mwaka jana binti yangu alijifungua huko Limuru, nami nikafunga mizigo niende nikamtazame mpaka arobaini itimie. Nilibeba leso sita, dawa zangu za sukari na za presha, raba zangu za kutembelea na sweta moja. Sweta yenyewe ni ile nyepesi ninayovaa kwenye basi la usiku lenye kiyoyozi. Ilikuwa mwanzo wa Julai.

Hapa Mombasa mimi ni mtu wa kutembea. Tangu daktari aliponiambia kuwa sukari yangu haitatulizwa na vidonge pekee, kila baada ya swala ya alfajiri natoka na jirani zangu wawili, tunashika njia ya Mama Ngina, tunatembea kwa kasi kiasi cha dakika arobaini huku tukisema habari za watu, kisha tunarudi. Mavazi si jambo la kufikiria. Dera, mtandio, raba, basi.

Kule Limuru asubuhi ya kwanza nilifika kwenye geti nikageuka. Nikasema nitatembea jua likitoka. Jua likachelewa, siku nyingine halikutoka kabisa. Wiki tatu zikapita nimekaa ndani na mtoto mapajani, nakunywa chai ya maziwa ambayo kila mgeni akija hupikwa upya. Sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula, ambayo nyumbani huwa kama 7, siku moja ilisoma 11.6. Nikapima tena nikidhani mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Watu wetu wengi wanakwenda bara miezi hii kwa watoto wao, kwa matibabu, kwa masomo na kwa kazi. Na wengi wanaotembea kwa ajili ya sukari, presha au magoti huacha wakifika huko, si kwa uvivu, ila kwa kutojua wavae nini. Mimi nilikosea kwanza ndipo nikajua.

Kwanza tuielewe baridi yenyewe. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi sita hivi. Wakati sisi huku usiku wa Julai tunavuta shuka kwa nyuzi 20 au 21, kule alfajiri inaweza kuwa nyuzi 8 au 9. Lakini nyuzi si kitu pekee. Upepo wa kusi huu huu unaotupoza sisi na kuwazuia wavuvi wetu kutoka ndio unaobeba unyevu wa bahari mpaka kule, unapanda miinuko, unageuka mawingu mazito ya chini na manyunyu. Kwa hiyo baridi ya Limuru ni ya maji. Inaingia kwenye nguo, na nguo iliyolowa ni adui kuliko kipimajoto.

Nilipoona ile 11.6 nikamwambia mkwe wangu kesho natoka hata iweje. Akaniletea koti lake kubwa, zito, la kuvalia kwenye pikipiki. "Mama, ukivaa hili hutasikia kitu." Nikalivaa juu ya fulana ya pamba na dera. Dakika kumi za kwanza alikuwa kweli, nilikuwa kama niko jikoni. Dakika ya kumi na tano jasho lilikuwa likinitiririka mgongoni. Nikalifungua koti. Upepo ukaingia, ile fulana iliyolowa ikanigandia mwilini kama kitambaa cha kupozea homa, na safari yote ya kurudi nilikuwa natetemeka meno yakigongana.

Sababu yake ni rahisi ukishaambiwa. Ukitembea kwa kasi, mwili unatoa joto jingi. Sehemu kubwa ya nguvu unayotumia haiendi kwenye hatua, inageuka joto. Koti zito linalifungia lote ndani, na mwili unajipoza kwa njia pekee unayoijua, jasho. Pamba inalinyonya jasho hilo na kulishika. Na maji hupitisha joto upesi kuliko hewa, takriban mara 25, kwa hiyo fulana iliyolowa inakunyang'anya joto kuliko kama usingevaa kitu chini ya koti. Huku Pwani pamba ni rafiki kwa sababu hiyo hiyo: inashika jasho, inatupoza. Ukifika bara inafanya kazi ile ile, na hapo ndipo inapokuumiza.

Aliyenifundisha kuvaa hakuwa daktari wala mtandao. Jirani wa binti yangu ni mama anayechuma chai, na kila asubuhi nilimwona dirishani akipita. Amevaa kitu juu ya kitu juu ya kitu: fulana, sweta, sweta nyingine, mbele amefunga nailoni ya kukinga umande wa majani ya chai, kichwani kitambaa kilichoteremka mpaka masikioni. Saa nne ukimkuta shambani sweta moja iko kiunoni. Saa saba zote mbili ziko kwenye kikapu. Nilipomuuliza mbona hanunui koti moja zuri akacheka. "Mama wa Mombasa, koti ukilivua unabaki na nini?"

Huo ndio msingi wote. Kinachokupa joto si kitambaa, ni hewa iliyokamatwa kati ya nguo na nguo. Nguo tatu nyembamba zinakamata hewa zaidi, na unaweza kupunguza moja bila kubaki uchi.

Inayogusa ngozi isiwe ya pamba. Tafuta poliesta, ambayo hainyonyi maji kwa wingi na hukauka haraka. Msitafute mbali: jezi ya mpira ni poliesta. Mimi bibi wa miaka sitini na kitu nilizunguka Limuru nimevaa ndani jezi ya mkwe wangu ya timu ambayo sitaitaja, maana nyumbani kwangu inashabikiwa nyingine. Iwe inabana kidogo na mikono iwe mirefu kama utapata.

Ya pili ndiyo ya joto. Sweta nyembamba ya sufu ni bora sana kwa sababu sufu hata ikiloa kidogo bado inatia joto. Ukiikosa, zile sweta za manyoya mafupi laini ambazo wenye mitumba huziita flisi zinafaa na ni nyepesi. Ya juu kabisa kazi yake si joto bali kuzuia upepo na manyunyu: jaketi nyembamba, ile inayolia kama karatasi ukitembea, yenye zipu mpaka shingoni. Upepo ukipita unaifagia ile hewa ya joto uliyoikamata, kwa hiyo bila jaketi sweta zako zote ni nusu ya kazi.

Zote tatu nilizipata sokoni kwenye mitumba kwa bei isiyofika ya dera moja jipya. Muuzaji aliniita shosho na kunichagulia mwenyewe, akaniambia nisichukue jaketi yenye pamba ndani kwa sababu ya kutembea haifai. Hata kama unatoka Mombasa, si lazima ungoje kufika. Kongowea vitu hivi vinauzwa bei ya chini kwa kuwa huku hakuna anayevitaka.

Sasa kuna jambo ambalo sikulikuta limeandikwa popote, la sisi tunaovaa buibui. Ukivaa nguo zote tatu ndani na buibui juu, huwezi kufungua zipu njiani ukishikwa na joto. Nilijaribu, nikarudi nimelowa jasho vile vile. Nilichofanya baadaye ni jezi na sweta nyembamba ndani, kisha buibui, kisha jaketi juu ya buibui. Joto likija nafungua zipu, likizidi navua jaketi nafunga kiunoni. Chini ya buibui lazima kuwe na suruali ya kubana ya poliesta au ile ya mazoezi, kwa maana upepo wa kule unaingia kutoka chini na kupanda. Na pindo lisifike ardhini. Umande wa pembeni mwa njia unalilowesha mpaka magotini, nalo linaanza kukupiga miguu kama tambara la kupigia deki. Nililipandisha pindo la buibui langu la zamani vidole vinne na kulifanya la matembezi tu.

Utajuaje umevaa kiasi? Ukitoka nje ya mlango usikie baridi kidogo. Ukisimama getini unajisikia raha kabisa, basi umezidisha, na dakika kumi mbele utakuwa unatoka jasho. Hili lilinipa shida kulikubali kuliko yote, kwa sababu mtu wa Pwani akisikia baridi kidogo anajua ndiyo mwanzo wa homa.

Masikio na vidole vya mikono ndivyo vinavyouma kwanza, kwa sababu mwili ukihisi baridi hupunguza damu inayokwenda pembeni ili moyo na mapafu vibaki na joto. Glavu za kusokotwa za bei ya chini zinatosha. Sisi wa mtandio masikio yetu yamekwisha kufunikwa, lakini wanaume wetu wanatoka na kofia ya viua, ambayo ni nzuri kwa Idi na haifuniki sikio hata moja. Wanunue kofia ya sufu. Mtasikia watu wakisema nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Si kweli, kichwa hutoa joto kulingana na ukubwa wake kama sehemu nyingine yoyote iliyo wazi. Kinachotokea ni kuwa kichwa ndicho huachwa wazi wakati kwingine kote kumefunikwa. Mwenye pumu ajifunge kitambaa puani na mdomoni ili hewa ipate joto kabla ya kuingia kifuani, na dawa yake ya kuvuta awe nayo mfukoni.

Miguu nimeiacha makusudi niiseme peke yake, kwa sababu hapo ndipo nilipokaribia kupata hasara kubwa.

Wengi wetu wenye sukari ya miaka mingi, mishipa ya fahamu ya miguuni imechoka. Nyayo zinakufa ganzi kidogo kidogo mpaka hujui kama zimekufa. Mimi nilikuwa najua kwa kuambiwa tu kliniki. Kwa kuogopa baridi nikavaa soksi mbili za pamba ndani ya raba zangu zile zile za Mombasa. Zilinibana, lakini sikusikia kubanwa. Nilitembea siku mbili nimefurahi. Siku ya pili, nikitia udhu wa adhuhuri, nikaona soksi nyeupe ina doa la damu. Lengelenge lilikuwa limetokea kwenye kidole kidogo, limepasuka, na mimi sina habari. Lau si udhu sijui ningeliona lini.

Kwa mtu mwingine lengelenge ni jambo la siku tatu. Kwa mwenye sukari kidonda cha mguu kinaweza kuoza na kumfikisha pabaya, nasi sote tunamjua mtu aliyeingia hospitali na kidonda cha kidole akatoka hana mguu. Nilikwenda kliniki siku ile ile, likasafishwa, na nikakaa siku kumi na mbili bila kutembea mpaka lilipopona.

Soksi mbili katika kiatu kimoja hazileti joto. Zinabana, damu inapita kwa shida, na mguu unazidi kuwa baridi. Inatakiwa jozi moja nene kiasi, yenye sufu au poliesta, isiyo na mpira mkali juu, na kiatu chenye nafasi ya kuchezesha vidole. Limuru ni mji wenye kiwanda cha Bata, kwa hiyo viatu havikosi. Nilinunua saizi moja zaidi ya yangu, tena alasiri, kwa kuwa jioni mguu huwa umevimba kidogo na kiatu kinachokutosha saa hiyo hakitakubana asubuhi. Kabla ya kuvaa ingiza mkono ndani upapase, kama kuna kijiwe au uzi. Na sisi tunaotoka baada ya swala ya alfajiri, miguu bado ina maji ya udhu. Ikaushe, hasa kati ya vidole, kabla ya soksi. Unyevu pale huleta fangasi na baridi ya bure. Ukirudi itazame nyayo, na kama huinami, weka kioo sakafuni.

Kosa jingine karibu nilifanye siku ile ile ya lengelenge. Nilirudi miguu kama samaki wa barafu nikataka kuisogeza kwenye jiko la makaa. Binti yangu alipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Mguu uliokufa ganzi hausikii baridi wala hausikii moto; unaweza kuungua ukidhani ndiyo kwanza unapata joto. Chupa ya maji ya moto kitandani ni vivyo hivyo. Ikiwa ni lazima kuikanda kwa maji, yapimwe kwa kiwiko, kama tunavyopima maji ya kumkoshea mtoto mchanga, na ni bora apime mwingine. Lile jiko lenyewe nalo halifai kuingizwa chumbani na kufungiwa madirisha. Makaa yanatoa hewa isiyo na harufu ambayo huua watu wamelala, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia nzima zilizoondoka hivyo. Wageni wa kutoka Pwani ndio rahisi kudanganyika, kwa maana sisi jiko tumezoea kulikoka uani.

Wanaotumia insulini, au baadhi ya vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, wajihadhari na jambo jingine. Kutetemeka kwa baridi na kutetemeka kwa sukari iliyoshuka kunafanana. Ukitetemeka na huku unatokwa na jasho jembamba, moyo unakwenda mbio na kichwa kinakuchanganyikia, usiseme ni Limuru. Simama, kula kitu cha sukari, ndipo uulize maswali. Pipi au glukosi ikae kwenye mfuko wa jaketi la juu, si ndani kabisa ambako itakubidi ufungue zipu mbili kwa vidole vilivyoganda. Na vidole baridi havitoi damu ya kupimia, visugue kwanza.

Kwa wenye presha: baridi hubana mishipa ya damu, presha ikapanda. Kwa hiyo usitoke kitandani ukaingia moja kwa moja kwenye mlima. Mimi nilikuwa natembea ndani dakika tano hivi, sebuleni mpaka jikoni, mpaka wakaanza kunicheka. Ukisikia kifua kinabana, huo si wakati wa kumaliza raundi. Rudi, utafute daktari.

La mwisho ni kuonekana. Buibui jeusi, ukungu mzito, saa kumi na mbili asubuhi, na barabara yenye malori na matatu. Hata mimi nisingejiona. Nilinunua reflekta kama ya vijana wa bodaboda nikaivaa juu ya jaketi, nikawa natembea upande wa kulia ili magari yanayokuja niyaone usoni. Baadaye nikaamua kungoja mpaka saa tatu, ukungu ukishapungua. Hakuna sheria inayosema matembezi ni ya alfajiri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na halikusema ni saa ngapi.

Ukirudi nyumbani vua kila kilicholowa kabla ya kukaa chini. Joto la kutembea linakwisha upesi kuliko unavyodhani, na jezi yenye jasho ndani ya nyumba isiyo na jua ni kama ile fulana yangu ya siku ya kwanza. Viatu vijazwe karatasi za gazeti usiku. Kule havikauki vyenyewe.

Arobaini ilipotimia sukari yangu ya asubuhi ilikuwa imerudi 7.4. Jezi nilimrudishia mkwe wangu ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, akasema niende nayo, nitaihitaji mtoto akifikisha mwaka. Iko kabatini pamoja na glavu. Jirani zangu wa Mama Ngina waliziona wakanicheka sana, halafu mmoja wao, ambaye mwanawe amepata kazi Nyahururu, akaniuliza kwa sauti ya chini soksi zile nilinunua kwa nani.